Tovuti ya duka lako inafunguka haraka? Ipime leo, ni bure

Mteja anatafuta viatu vya shule. Anaandika kwenye Google, anabofya jina la duka lako, halafu anangoja. Skrini nyeupe, kale kaduara kanazunguka tu. Akichoka anarudi nyuma na kubofya duka linalofuata. Sisi upande wa malipo hatuoni kitu, kwa sababu hakuwahi kufika kwenye kitufe cha Lipa. Wewe pia huoni kitu, labda tu unashangaa mbona wiki hii mauzo yamelala. Ndiyo maana leo tunazungumzia kasi ya tovuti, ingawa kazi yetu ni malipo.

Google nayo inaangalia kasi hiyo. Ilianza mwaka 2010 kuitumia kupanga matokeo ya wanaotafuta kwa kompyuta, na Julai 2018 ikafikia wanaotafuta kwa simu, ambao kwa biashara nyingi hapa Kenya ndio wateja wenyewe. Lakini tusidanganyane: kasi peke yake haitakupandisha juu. Google wenyewe husema ukurasa unaojibu vizuri alichotafuta mtu unaweza kutangulia hata kama ni mzito kidogo. Kasi inahesabika zaidi pale maduka yanapofanana, viatu ni vilevile, bei ni ileile na maelezo yanakaribiana. Na hebu tuseme ukweli, maduka mengi ya mtandaoni yanafanana.

Kupima ni rahisi. Fungua pagespeed.web.dev, ambayo ni PageSpeed Insights ya Google, kisha ubandike anwani ya tovuti yako. Huhitaji akaunti wala kulipa. Usipime ukurasa wa kwanza tu. Pima pia ukurasa wa bidhaa moja inayouzwa sana, kwa sababu wengi wanaotoka Google huingilia hapo moja kwa moja. Soma matokeo ya simu, siyo ya kompyuta.

Ripoti ina sehemu mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya juu inatokana na watu halisi waliofungua tovuti yako kwa Chrome katika siku 28 zilizopita. Ya chini ni jaribio la papo hapo: mtambo unajifanya simu ya bei ya wastani yenye mtandao wa polepole, kisha unakupa alama hadi 100. Watu hukimbilia zile alama. Sisi tungekushauri uanze na sehemu ya juu, maana hao ndio wateja wako, na takwimu hizo za watu halisi ndizo Google hutumia katika kupanga matokeo. Alama 100 si lazima, na kuzikimbiza kunaweza kukumalizia pesa za fundi bure.

Hapo juu utaona vipimo vitatu. LCP ni muda hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane, mara nyingi picha ya bidhaa. Isizidi sekunde 2.5. CLS hupima jinsi ukurasa unavyorukaruka ukifunguka, isizidi 0.1. Unajua ile hali unataka kubofya saizi 40, tangazo linatokea ghafla, kidole kinaangukia kwingine? Ndiyo hiyo. Cha tatu ni INP, muda kati ya kubofya na skrini kuonyesha kwamba imesikia. Isizidi milisekunde 200. Unahesabiwa umefaulu ikiwa angalau ziara 75 kati ya 100 zimefikia viwango hivyo.

Hiyo INP inatugusa sisi moja kwa moja. Mteja anabofya Lipa, hakuna kinachobadilika, anabofya tena. Ombi la PIN linamfikia mara mbili, na akiweka PIN mara zote mbili amelipa mara mbili. Sasa unaanza kurudisha pesa na kuomba msamaha. Mwambie fundi wako kitufe kizimike mara tu kinapobofywa, na maneno yabadilike papo hapo yawe kama "Subiri, angalia simu yako".

Sasa tuje kwenye picha, kwa sababu tatizo kubwa mara nyingi liko hapo. Picha iliyopigwa kwa simu nzuri inaweza kuwa na megabaiti 4. Ukiipandisha hivyo hivyo, mteja mwenye mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde atangoja kama sekunde 20 kwa picha hiyo moja. Ipunguze hadi kilobaiti 150 na itafika chini ya sekunde moja. Kwenye skrini ya simu hataona tofauti kubwa, ila bando lake litaona. Squoosh, kifaa cha bure cha Google kinachotumika kwenye kivinjari, kinatosha: punguza upana uwe kama pikseli 1000, hifadhi kwa muundo wa WebP, kisha pandisha upya. Fundi aandike upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo ili ukurasa usiruke. Picha za chini zinaweza kusubiri hadi mteja ashuke, lakini ile ya juu kabisa isisubirishwe. Hapo ndipo LCP huharibika.

Baada ya picha, angalia vikorokoro. Dirisha la mazungumzo, video inayocheza yenyewe, aina tano za herufi, vifuatiliaji vya matangazo uliyoacha kulipia zamani, vyote hupakuliwa kila mtu akifungua. Ondoa kimoja, pima, kisha kingine. Kama seva yako iko Ulaya au Marekani, kila ombi linavuka bahari na kurudi. Huduma kama Cloudflare, yenye mitambo Nairobi na Mombasa na mpango wa bure, inaweza kuweka nakala za picha zako karibu na mteja.

Ukishamaliza, alama za chini zitabadilika siku hiyo hiyo, lakini zile za juu zitasogea polepole kwa sababu zinabeba siku 28. Usipigie fundi kelele wiki ya kwanza. Na kama duka lako bado halina wageni wa kutosha, sehemu ya juu itakuwa tupu kabisa. Basi tumia jaribio la chini, pamoja na kipimo kingine kisichohitaji kompyuta: azima simu ya bei nafuu, zima WiFi, ufungue duka lako kwa bando na ujaribu kununua kitu hadi ombi la PIN litokee.