Kutaja Marejeo katika Makala za Utafiti: Mifano kutoka Tunduma na Mkoa wa Songwe

Rejeo katika makala ya elimu si pambo, wala si adabu tupu ya kuwashukuru waliotangulia. Ni njia impelekayo msomaji mpaka palepale alipofika mwandishi, akafunua ukurasa uleule, akapima mwenyewe kama neno lililosemwa limo au halimo. Mitindo ya kuyapanga marejeo hutofautiana baina ya jarida na jarida, na mwandishi hana budi kuufuata mtindo wa jarida analolipelekea mswada wake. Lakini kosa la nukta au la mkato halimpotezi mtu njia. Yanayompoteza ni majina: jina la mahali, la lugha, la jarida, na la mtu aliyesema. Nchi ya mpakani, kama ile ya Tunduma na Mkoa wa Songwe, hulionyesha jambo hili waziwazi.

Kwanza ni jina la mahali. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa. Basi kitabu kilichochapwa kabla ya mwaka huo hakiwezi kuuweka mji wa Tunduma wala wilaya ya Mbozi katika mkoa huo. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009, ni ya wakati ambapo nchi hiyo yote ilikuwa bado ni Mbeya. Mwandishi anayeitegemea atlasi hiyo, kisha akaandika kwamba ndani yake mna hesabu ya wasemaji wa “Mkoa wa Songwe”, ameitilia maneno isiyoyasema, hata kama yeye mwenyewe amezijumlisha sawasawa hesabu za wilaya. Inampasa aeleze kuwa hesabu ni za wilaya fulani za Mbeya ya mwaka 2009, na kwamba kujumlisha ni kazi yake mwenyewe.

Hali ni hiyo kwa majina ya vitabu. Mwaka 1958 Monica Wilson alitoa kitabu juu ya watu wa sehemu hizi, kiitwacho The Peoples of the Nyasa-Tanganyika Corridor. Tanganyika inayotajwa hapo ni ziwa, si nchi. Na Nyasa ni ziwa ambalo upande wa Malawi huitwa Ziwa Malawi. Mtu akidhani kuwa anasahihisha, akaandika Tanzania au Malawi mahali pa majina hayo, amekitaja kitabu ambacho hakuna maktaba itakayokiona. Kanuni ni nyepesi: katika rejeo, jina hubaki kama lilivyochapwa, katika matini, mwandishi hutumia jina la leo, na kulieleza la zamani pamoja na mwaka wake.

Tena neno “Songwe” peke yake halitoshi. Uko mto Songwe uingiao Ziwa Nyasa, nao ni mpaka wa Tanzania na Malawi; uko Songwe mwingine uelekeao Ziwa Rukwa; iko wilaya ya Songwe ndani ya mkoa wa jina hilohilo; na uwanja wa ndege wa Songwe umo katika Mkoa wa Mbeya. Anayeandika kuwa maneno yake yalikusanywa “Songwe” hajasema yalikusanywa wapi.

Pili ni jina la lugha. Kinyiha huandikwa pia Nyika katika vitabu kadhaa vya zamani, na Kinyamwanga hupatikana kwa majina ya Mwanga, Namwanga na mengineyo, maana wasemaji wake wako Tunduma na wako Nakonde ng’ambo ya mpaka, na kila nchi ina desturi yake ya kuandika. Yafaa mwandishi achague umbo moja, alitumie makala nzima, na mara ya kwanza alitajapo aonyeshe maumbo mengine pamoja na alama ya Malcolm Guthrie: M.22 kwa Kinyamwanga, M.23 kwa Kinyiha. Lakini asiliguse umbo lililomo katika jina la kitabu cha mtu mwingine.

Tatu ni jina la jarida. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilirithiwa mwaka 1964 na chuo cha uchunguzi wa Kiswahili cha Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka 2009 kimo katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Jarida lake nalo limepita katika majina kadhaa: lilikuwa la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, likaja kuitwa Swahili, kisha Kiswahili. Hali kadhalika, Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, likawa Tanzania Notes and Records. Makala ya Beverley Brock juu ya Wanyiha wa Mbozi, ya mwaka 1966, hutajwa kwa jina jipya. Makala za miaka ya 1940 hutajwa kwa jina la kale, japokuwa katika maktaba huenda zimepangwa rafu moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu nayo, pasipo kutaja kama ni ya 1981, ya 2004 au ya 2013, ni vitabu vitatu vilivyofichwa katika jina moja.

Nne ni maneno yaliyopokewa kwa mtu wa pili. Uzito wa kimondo cha Mbozi umeandikwa kwa makadirio mbalimbali, tangu tani 12 hata 25. Anayechukua tarakimu mojawapo katika kitabu kilichoinakili kwingine, kisha akamtaja yule wa kwanza kana kwamba amemsoma, amelificha daraja alilovukia. Na kosa likiwa darajani, hapana atakayeliona. Hutajwa kitabu kilichosomwa, ikielezwa kuwa ndani yake amenukuliwa fulani.

Mwisho ni mashahidi wasio na kitabu. Habari nyingi za Kinyamwanga na Kinyiha zimo vinywani mwa wazee. Rejeo la mazungumzo litaje tarehe, kijiji na upande wa mpaka, lugha iliyotumika, kama palikuwa na mkalimani, na mahali sauti ilipohifadhiwa. Jina la mzee huandikwa kwa ridhaa yake. Asiporidhia, hupewa alama, na mtafiti huitunza siri yake. Yakikosekana hayo, neno la mzee hugeuka kuwa neno la mtafiti, na wajukuu wa msemaji hawataweza kulidai wala kulisahihisha.

Kabla mswada haujapelekwa kwa mhariri, kila jina lililomo katika matini litafutwe katika orodha, na kila lililomo katika orodha litafutwe katika matini. Kazi hiyo ifanywe kitabu chenyewe kikiwa mkononi, si kwa kutegemea kumbukumbu, na kurasa zitajwe. Ni kazi ya kuchosha. Lakini atakayekuja miaka thelathini baadaye kuuliza habari za lugha za Tunduma hatakuwa na njia nyingine ya kupitia.