Mlemavu anapoingia chuoni Eldoret: Haki ipo, ila huombwa mapema

KILA Januari, Mei na Septemba, vyuo vya kiufundi jijini Eldoret hupokea wanafunzi wapya. Foleni huwa ndefu mbele ya afisi za usajili, iwe ni katika Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Eldoret au katika Taasisi ya Mafunzo ya Kiufundi ya Rift Valley (RVTTI), wazazi wakiwa wamebeba magodoro, masanduku na risiti za benki. Katika foleni hizo hakosi kijana mwenye fimbo nyeupe, mwingine aliye katika kiti cha magurudumu, na mwingine aliyeandamana na dadake ili amfasirie kwa ishara.

Barua aliyopokea kijana huyo ni sawa na ya wenzake: jina la kozi, karo, tarehe ya kuripoti na orodha ya vifaa. Lisilomo aghalabu ni jibu la maswali yatakayoamua iwapo atahitimu au atarudi nyumbani kabla ya muhula kwisha. Darasa lake liko orofa ya ngapi? Nani atamfasiria mwalimu? Mtihani atauandika vipi?

Wanaohusika si wachache. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani takribani watu 900,000, wanaishi na ulemavu. Kwa wengi wao, cheti cha ufundi wa umeme, ushonaji, upishi au kompyuta ndicho kinachotenganisha maisha ya kujitegemea na yale ya kungoja kupewa.

Kisheria mambo yamenyooka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilipiga marufuku taasisi ya elimu kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake endapo ana uwezo wa kuimudu kozi. Aidha, iliviagiza vyuo vizingatie mahitaji yake katika masharti ya kujiunga, alama za kufaulu, mtaala, mitihani na ratiba. Mnamo Mei 2025, Rais William Ruto alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya hiyo. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, kutumia lugha ya ishara na breli, na kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi vitokanavyo na hali yake.

Fauka ya hayo, mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu. Humo mna dhana moja ambayo kila mwanafunzi na kila mkuu wa chuo angefaa kuielewa, nayo ni marekebisho yafaayo. Maana yake ni badiliko la lazima linalomwezesha mtu kushiriki sawa na wenzake, mradi lisimtwike mzigo uliopita kiasi yule anayetakiwa kulifanya. Kumnyima mtu marekebisho ya aina hiyo, mkataba wasema, ni ubaguzi.

Maneno hayo "mzigo uliopita kiasi" ndiyo huzua mabishano. Chuo kikidai kwamba lifti ni ghali, huenda kinasema kweli. Lakini kulihamisha somo kutoka orofa ya pili hadi chumba cha chini hakugharimu ila karatasi ya kuchapishia ratiba upya. Marekebisho mengi ni ya aina hii ya pili, na mengi hukosekana kwa sababu hakuna aliyeyaomba wakati ratiba ilipokuwa ikipangwa.

Ugumu huwa mkubwa zaidi kwa aliyetoka katika shule maalumu. Kijana aliyesomea Shule ya Viziwi ya Kapsabet, au Shule ya Wasioona ya Mtakatifu Francis kule Kapenguria, alilelewa mahali palipotengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye. Hakuhitaji kumweleza mtu hali yake. Akija Eldoret huwa peke yake katika darasa la wanafunzi makumi kadhaa, mbele ya mwalimu ambaye huenda hajawahi kumfunza asiyesikia. Vipo vyuo vya kiufundi vya watu wenye ulemavu: cha wasioona kiko Machakos, cha viziwi kiko Karen jijini Nairobi, kipo cha Sikri katika Kaunti ya Homa Bay, na cha Mtakatifu Joseph, Nyang'oma, katika Kaunti ya Siaya. Hakuna kati ya hivyo kilicho Uasin Gishu, na si kila kozi hufunzwa humo. Kwa hiyo anayetaka kusomea karibu na kwao hana budi kuketi na wenzake wanaoona na kusikia. Hilo si baya hata kidogo, alimradi chuo kijue kwamba anakuja.

Tumwangalie kwanza asiyesikia. Mwalimu wa ufundi huwa na mazoea ya kueleza huku mikono yake ikifanya kazi: anafungua injini, anauinamia mtambo, kisha anazungumza akiwa amewapa wanafunzi kisogo. Anayesikia hupata yote mawili, maneno na kitendo. Kiziwi, hata akiwa na mkalimani, hawezi kumtazama mkalimani na mikono ya mwalimu kwa wakati mmoja. Dawa yake ni rahisi. Mwalimu aeleze kwanza, anyamaze, kisha aonyeshe. Na katika karakana yenye mashine zinazozunguka, ishara ya hatari iwe taa inayomweka, si king'ora pekee. Mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya anahitaji kulipwa, na hapa chuo hakiwezi kukwepa bajeti. Kumtegemea mwanafunzi mwenza aliyeokota ishara mbili tatu ni kuwaumiza wote wawili.

Kwa asiyeona, tatizo limebadilika. Kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa breli hugeuka majuzuu kadhaa mazito, na mashine zake ni ghali. Siku hizi wengi hutumia kompyuta au simu yenye programu inayosoma skrini kwa sauti. NVDA, ambayo ni mojawapo ya programu hizo, hutolewa bila malipo. Ajabu ni kwamba teknolojia hiyo hushindwa na jambo dogo mno. Mwalimu huandika maelezo kwa mkono, huyapiga picha na kuyatuma katika kundi la WhatsApp la darasa. Machoni petu hayo ni maandishi, ilhali kwa programu ile ni picha, na mara nyingi haiambulii kitu. Mwalimu akiyachapa maelezo yale yale kama maandishi ya kawaida, mwanafunzi huyasikia yote. Kuhusu vitabu vyenye hakimiliki, mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu kazi zilizochapishwa kugeuzwa katika miundo inayosomeka na wasioona bila kumwomba mwenye hakimiliki idhini. Kwa hivyo maktaba isihofu kuifanya kazi hiyo.

Wapo pia ambao ulemavu wao hauonekani upesi. Mwenye ualbino huhitaji kiti cha mbele, maandishi makubwa na kivuli wakati wa mafunzo ya nje. Mwenye kifafa huhitaji walimu wake wa karakana wajue la kufanya akianguka, na asipangiwe kitanda cha juu katika bweni. Hawa aghalabu hunyamaza kwa kuchelea kutengwa, na siwezi kuwalaumu. Hata hivyo, siri hiyo ikihifadhiwa na mtu mmoja au wawili chuoni, huokoa maisha.

Mitihani ndiyo sehemu isiyosamehe uchelewaji. Iwe ni ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) au ya TVET CDACC, karatasi ya breli au ya maandishi makubwa haitayarishwi asubuhi ya mtihani. Hali ya mtahiniwa yapaswa kuonyeshwa wakati wa kumsajili, pamoja na ombi la muda wa ziada, msomaji au mkalimani. Anayesajili ni chuo, si mwanafunzi. Basi mwanafunzi na aulize, kwa adabu lakini bila kuona haya, kama maelezo yake yamejazwa, na aombe kuyaona.

Ili maombi haya yawe na uzito, hati hutakikana. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watu na kuwapa kadi, baada ya mhusika kuchunguzwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa na ripoti kuwasilishwa. Baraza lina afisi katika kaunti zote 47, na usajili umeingizwa katika mtandao wa eCitizen. Kadi hiyo humfungulia mwanafunzi njia ya kuomba vifaa saidizi na ufadhili wa masomo kutoka kwa hazina ya Baraza, na wenye ualbino hupata mafuta ya kujikinga na jua. Zaidi ya hayo, mlango wa mikopo ya HELB na ule wa basari za maeneobunge iko wazi kwake kama ilivyo kwa wanafunzi wengine. Uchunguzi na usajili huweza kuchukua muda, kwa hivyo kuuanza baada ya kupokea barua ya chuo ni kuchelewa.

Chuoni, mtu wa kutafutwa kwanza ni msimamizi wa masuala ya wanafunzi. Chini yake ndiko huwa washauri nasaha na wanaogawa vyumba vya bweni. Ombi liandikwe, litaje jambo mahususi (chumba cha chini, mkalimani katika masomo fulani, maelezo yaliyochapwa), litiwe tarehe, na nakala yake igongwe muhuri na kuhifadhiwa. Ahadi ya mdomo iliyotolewa koridoni husahaulika afisa anapohamishwa. Ombi likikataliwa, mwanafunzi adai sababu kwa maandishi. Akiwa na karatasi hizo mbili anaweza kwenda kwa Baraza, au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, akiwa na la kuonyesha.

Mzazi anayeweza kumudu nauli akizuru chuo wiki chache kabla ya muhula, na aende na mwanawe. Wapime upana wa mlango wa choo kwa kiti chenyewe. Wautazame mteremko uliojengwa badala ya ngazi: kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu, na ulio mkali zaidi ya huo humrudisha nyuma mwenye kiti. Na kwa wanaojiunga Mei, ziara hiyo ifanywe siku ya mvua. Eldoret hunyeshewa tangu Machi hadi Agosti, na ule ujia wa udongo kati ya bweni na karakana, ambao Januari kiti huupita bila taabu, huwa tope la kunasa magurudumu. Mawe madogo na saruji ya kuufunika huombwa katika barua ile ile.