Sindano ya tetanosi: kwa nini inarudiwa?

Katika konsultasio ya wanawake wenye mimba swali hili linarudi mara kwa mara. Mama anakunja mkono wa blauzi, halafu anausimamisha: "Juu ya nini munanipika tena shindano? Mimba ya kwanza mulisha kunipika." Ni swali la akili, na halifai kujibiwa kwa makelele. Jibu lake limo ndani ya mwili wako.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mdudu wa tetanosi, ambayo watu wa pwani wanaiita pepopunda, anakaa katika udongo na mavi ya wanyama. Anajifunga kama mbegu yenye ganda gumu na kungoja miaka mingi. Kutu ya msumari si kitu. Hatari ni udongo ulioshikamana nao. Kwa mtoto mchanga anapita kwenye kitovu kilichokatwa na wembe mchafu, ao kilichopakwa majivu, udongo ao mavi ya ng'ombe. Siku mbili za kwanza mtoto ananyonya vizuri. Halafu, kati ya siku ya 3 na ya 28, anashindwa kunyonya, taya linajifunga, mwili unakauka kama ubao, na ukimgusa kidogo tu anakakamaa. Wengine wanasema ni ndege, ao ni jirani mwenye wivu. Jirani hana kosa. Mdudu ametoa sumu, na sumu hiyo ni protini.

Mwili unajuaje kwamba protini hii ni ya mgeni? Fikiri mama anayetafuta kikwembe kama kile chake kilichopasuka. Habebi nguo nzima. Anakata kipande, anakwenda nacho katika soko la Kenya, anakionyesha kwa muuzaji mmoja mmoja, mpaka mmoja anasema: "Hiki ninacho." Chembe nyeupe za damu zinafanya vilevile. Chembe moja inameza protini ya mdudu, inaikatakata, inapeleka vipande mpaka kwenye tezi, zile zinazovimba kwapani ao shingoni ukiwa na kidonda. Pale kuna chembe askari mamilioni, na kila moja imezaliwa na uwezo wa kutambua kipande cha namna moja tu. Nyingi zinapita bila kusema kitu. Ile inayopatana na kipande inasimama, inaamka, inazaa nyingine nyingi mfano wake. Hizo zinasaidia chembe za namna nyingine, zinazotambua protini ikiwa nzima, kutengeneza kingamwili. Kingamwili ndizo zinazokamata sumu kabla haijashika mishipa ya fahamu.

Kazi hiyo ya kutafuta na kuzaa inaweza kuchukua majuma mawili. Mtoto wa siku tano hana majuma mawili.

Kuna jambo lingine ambalo hata wanafunzi wangu wauguzi wanalikataa mara ya kwanza. Surua ukipona, umepata kinga. Tetanosi ukipona, hukupata. Sumu yake ni kali hivi kwamba kiasi kinachoua muntu ni kidogo mno kwa chembe zake kujifunza. Kwa hiyo aliyepona tetanosi naye anachanjwa, kama mtu asiyeugua kamwe.

Mwaka 1890, katika mji wa Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya tetanosi inaweza kumlinda mnyama mwingine. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Institut Pasteur, Ufaransa, aliona kwamba formoli na joto vinaondoa ukali wa sumu za namna hii, lakini umbo lao linabaki la kutosha kutambuliwa. Hiyo ndiyo iliyo ndani ya sindano yako.

Sindano ya kwanza inaanzisha utafutaji, lakini kinga yake ni ndogo na inashuka upesi. Chembe chache zinabaki zikikumbuka. Ya pili, baada ya majuma 4 ao zaidi, inakuta muuzaji amekwisha kujulikana; hakuna tena kuzunguka soko, na kinga inapanda sana. Ipate angalau majuma 2 mbele ya kuzaa. Ya tatu inafuata baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Hizo 5 zinatosha miaka yako yote ya kuzaa. Kwa hiyo lete fishi yako! Bila fishi hatujui umefika ya ngapi.

Kingamwili zako zinapita katika kondo la nyuma, zaidi katika miezi ya mwisho, na mtoto anazaliwa nazo. Baada ya miezi zinapungua, ndiyo maana yeye mwenyewe anaanza chanjo zake kwa majuma 6, 10 na 14.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikubali kwamba katika Kongo yetu tetanosi ya watoto wachanga imeshuka chini ya mmoja kwa kila watoto 1000 wanaozaliwa hai. Wengine wakasikia "imekwisha". Mdudu angali katika udongo wa Katuba na wa Ruashi kama zamani, na udongo hatuwezi kuuchanja.

Kitovu kikatwe na wembe mpya, kiachwe kikavu, kisipakwe kitu ambacho muuguzi hakukupa. Na mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri akiacha kunyonya, usingoje asubuhi. Mlete usiku huohuo.