Sura ya Saba: Lodi, Farasi na Mbung'o

Mara tatu sasa nimeonyeshwa "ramani ya Mjerumani". Ya mwisho niliiona Muleba: karatasi iliyofukizwa moshi ionekane kuukuu. Mwenye nayo, kijana mwenye adabu zake, akaniapia: "Mzee, dhahabu hii Wajerumani waliifukia walipokimbizwa Bukoba na lodi wa Ireland na farasi wake mia." Mganga ameshamwambia alete mbuzi mweusi. Nilimshauri amchinje ale na wanawe.

Mtu anayesemwa yupo, ila lodi hakuwa. Ni Berkeley Cole, aliyezaliwa 1882, mtoto wa Earl wa Enniskillen, ukoo wa jumba la Florence Court. Kwao cheo hurithi mtoto wa kwanza wa kiume. Wadogo huishia na jina la ukoo na madeni. Alipigana Vita vya Makaburu katika kikosi cha farasi, akahamia Kenya, akalima Naro Moru, akawa miongoni mwa waasisi wa klabu ya Muthaiga. Vita vya 1914 vilipoanza alikusanya Wasomali wapanda farasi, wakalinda mpaka. Alifariki 1925. Filamu ya Out of Africa ya 1985 ndiyo iliyomrudisha vinywani mwa watu, na tangu hapo wengi humchanganya na Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyetumika chini yake.

Bukoba ilivamiwa kwa meli. Wanajeshi wa Jenerali Stewart wa jeshi la Waingereza walitoka Kisumu, wakatua kaskazini mwa mji tarehe 22 Juni 1915, wakapanda majabali kwa miguu, akiwemo mwindaji Frederick Selous mwenye miaka 63. Shabaha yao ilikuwa mnara wa simu ya upepo. Kesho yake waliulipua, wakapora mji, wakarudi melini. Kikosi cha Cole hakimo kati ya vilivyotua. Na kama dhahabu ilikuwepo, waporaji wale walitangulia kuipekua.

Nilipanga sasa nieleze vyeo vya Ireland. Vitasubiri, maana swali la farasi linanigusa: nimekuwa bwana mifugo nusu ya umri wangu.

Farasi mia katika nchi yenye mbung'o ni mia ya mizoga. Mbung'o dume na jike wote hunyonya damu. Jike hatagi mayai. Hubeba funza mmoja tumboni, humlisha kwa maziwa yake, kisha humzaa kivulini, naye hujichimbia udongoni papo hapo. Akitoka huko akiwa nzi, akanyonya mnyama mwenye vimelea, vimelea hivyo hukua ndani yake kwa siku kadhaa, hata wiki, kabla hajaweza kuambukiza. Farasi aliyeumwa hupata homa, huvimba tumbo na miguu, hukonda mbavu zikahesabika. Ng'ombe wa kienyeji huenda akastahimili. Farasi hana ujanja huo. Watu huita ugonjwa huu ulozi. Ni nzi! Anavutwa na rangi ya buluu, na akiona nyeusi hutua. Ndiyo maana mitego yetu kule Burigi hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili.

Kijana wa ramani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mbung'o huuma mbuzi.

"Huuma," nikamjibu. "Wako ni mweusi, sivyo?"