KAMSHAFTI YA LORI: NGUVU YA MLIMA AU YA MBIO?

Ndugu Wanachama,

Baadhi yetu tumetia pesa za karafuu katika malori yaendayo Tunduma, mpakani mwa Zambia. Wengine tuna gari ndogo za petroli za kuchukulia magunia hapa kisiwani. Twasikia wako mafundi wanaoshauri kutia kamshafti ya mbio injini inapoundwa upya. Yafaa tulielewe jambo hili kabla pesa za msimu hazijatutoka mkononi.

Kamshafti ndiyo ifunguayo valvu. Huzunguka mara 1 kwa kila mizunguko 2 ya kranki. Ile ya mbio huziacha valvu wazi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Injini ikienda kasi hupumua vyema. Ikienda polepole, hewa huponyoka na nguvu hupungua.

Sasa tazameni njia yenyewe. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Lori lenye shehena hupanda Kitonga, mkoani Iringa, kisha huvuka vilima vya Mbeya na Songwe, na foleni ikiwapo mpakani husogea hatua kwa hatua. Injini nyingi za malori makubwa ya dizeli huvuta vyema kati ya mizunguko 1,000 na 1,400 kwa dakika. Mbio gani hapo? Mwenda pole hajikwai.

Tena, katika baadhi ya injini za dizeli, kamshafti hiyohiyo ndiyo isukumayo nozeli za mafuta. Ukiibadili ovyo, umeharibu na wakati wa kutia mafuta. Na pistoni za dizeli hupita karibu mno na valvu. Zikigongana, injini imekwisha.

Basi twashauri hivi:

Kwanza, mwulizeni fundi kamshafti yake hutoa nguvu kwenye mizunguko mingapi. Asipojua, ondokeni.

Pili, kamshafti mpya itiwe pamoja na tapeti mpya, na springi za valvu zipimwe. Tapeti kuukuu hula kamshafti.

Tatu, kwa gari la petroli lenye nozeli, chagueni kamshafti ya nguvu ya chini, na kompyuta ya injini ipangwe upya iafikiane nayo.

Nne, kwa lori la Tunduma, rudisheni kamshafti ya namna ileile ya kiwandani. Pesa itakayobaki itieni katika breki na matairi, maana mlima upandwao hauna budi kushukwa.

Wenu,
Katibu