Kukwea si Kudandia

Kwenye ukuta wa nyumba ya jirani hapa Kaloleni, Nairobi, kuna mugumo mchanga uliochipuka katika ufa, pale mfereji wa paa unapovuja. Hakuna aliyeupanda. Ndege alikula tini za mugumo kwingineko, akatua hapo, akaacha mbegu. Nyumba hizi za miaka ya 1940, ambazo wazee husimulia kuwa zilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, kwa mugumo ni sawa na mti mkongwe wa msituni: kuna ufa, kuna vumbi, kuna unyevu. Msituni ungeanzia juu ya tawi, ukateremsha mizizi hadi ardhini, mizizi ikashikana kama wavu, na miaka ikipita mti uliompokea mgeni huyo ungeweza kufia humo humo ndani.

Mugumo huo ndio ukurasa wa kwanza wa kitabu ninachokiandaa, mwongozo wa kutia mfukoni kuhusu mimea asilia inayoishi kwa kutegemea miti katika misitu ya Nairobi: Karura, City Park, Ngong Road. Lugha yenyewe ilinitatiza mwanzoni. Ukisema "mimea ya kupanda", mtu anawaza jembe na shamba. Basi nikaamua hivi: unaokwea ni ule wenye mizizi ardhini unaoutumia mti kama ngazi, unaodandia ni ule uliokaa juu ya tawi bila kugusa udongo, kama abiria anayening'inia mlangoni mwa matatu. Mdandiaji haibi chakula cha mti. Anayenyonya ni kirukia, naye ana sura yake peke yake.

Vitabu vikubwa tunavyo. Flora of Tropical East Africa, kazi ya miaka 60 iliyokamilika 2012, ina spishi zaidi ya 12,000. Henk Beentje alituachia Kenya Trees, Shrubs and Lianas mwaka 1994. Ni kazi za kuheshimiwa, ila mara nyingi hukutaka uwe na ua mkononi, na ua la mmea unaokwea liko juu huko kileleni, kwenye jua. Wewe uko chini na shingo inauma.

Kwa hiyo nimepanga kitabu kwa swali ambalo hata mtoto atalijibu akiwa chini: huu umeshika kwa kitu gani? Wazo si langu. Charles Darwin aliigawa mimea inayokwea kwa namna inavyoshika, katika andiko lake la 1865. Mururue, kwa mfano, hushika kwa miiba iliyopinda. Waluo huuita nyalwet-kwach, na huyo kwach ni chui. Ukikurarua shati, utaelewa jina. Sugua jani lake, linanukia kama limau. Mkalamu wenye maua mekundu na manjano hushika kwa ncha ya jani, ambayo hujikunja kama kidole. Nderema, ile ile ya sokoni, huzungusha shina lake lote. Na hapo tazama upande: inazunguka kwenda kulia au kushoto? Katika jamii ya viazi vikuu, upande huo husaidia kutofautisha spishi, kwa kuwa kila moja ina wake.

Wadandiaji ni kazi ngumu zaidi. Siri yangu ni kwenda msituni asubuhi baada ya upepo na mvua, nikaangalie matawi yaliyoanguka. Humo nakuta kangaga na, nikibahatika, okidi. Mizizi ya okidi ikiwa mikavu ni myeupe, imevaa ganda la seli zilizokufa zilizo kama sifongo. Idondoshee maji: mbele ya macho yako inageuka kijani, kwa sababu ganda limelowa na kuacha rangi ya ndani ionekane.

Kuna mmoja niliyemnyima ukurasa, zile nyuzi za manjano zinazofunika ua wa michongoma hapa mjini kama tambi zilizomwagwa. Ni mnyonyaji wa kigeni, na nimemwekea onyo tu kwenye jalada la nyuma.

Majina ya kienyeji nayakusanya hapa hapa mtaani, maana ndani ya ploti chache utapata Mluo, Mluhya, Mkamba na Mkikuyu, na kila mmoja ana nyanya aliyemfundisha. Sampuli ni jambo jingine: kuchuma msituni kunahitaji kibali, kisha mmea unakaushwa ndani ya magazeti makuukuu na kupelekwa hebaria ya Makumbusho ya Taifa.

Wasomaji wa rasimu wameniuliza mbona kurasa za okidi hazina ramani. Nimeziacha makusudi. Okidi ya chui, Ansellia africana, imeng'olewa sana kwa ajili ya biashara, na ramani ingemrahisishia kazi mwenye gunia. Ukiiona, ipige picha, uiache ilipo.