MKUNJE SAMAKI, USIMVUNJE

(Maoni ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Wahenga walituachia usemi ambao sisi wazazi tunaupenda sana: samaki mkunje angali mbichi. Lakini tukiutamka, mara nyingi mkono mmoja huwa umekwisha kushika fimbo. Juma hili nataka tuutazame usemi huo mahali ambapo watoto hukunjwa kwelikweli, mikono na miguu: katika darasa la yoga.

Yoga, kama wengi mnavyojua, ni mazoezi ya viungo, pumzi na utulivu yenye asili ya India. Huku Uingereza ninakoishi, zipo shule za msingi zinazowafundisha watoto. Kila Jumatano masomo yakiisha, mimi humsaidia mwalimu mmoja wa mazoezi hayo hapa London. Watoto wetu wana umri wa miaka saba hadi kumi. Anayesikia neno yoga hudhani atawakuta wamekaa kimya kama sanamu. Katika muhula wa kiangazi atakuta kitu kinachofanana zaidi na kuku waliofunguliwa bandani.

Kwa nini muhula huo hasa? Muhula wa kiangazi huanza mwezi wa Aprili, baada ya Pasaka, na kwisha karibu na mwisho wa Julai. Kwanza, usingizi. Mtoto wa Dar es Salaam huona giza ifikapo saa moja usiku mwaka mzima. Mtoto wa London mwezi wa Juni huona jua likizama saa tatu na dakika 20 usiku, na kuchomoza tena kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mama anamwambia lala, naye anachungulia dirishani na kuona mchana. Kesho yake anakuja darasani akiwa na macho mekundu na hasira za karibu.

Pili, joto. Nyumba na shule za huku zilijengwa kuzuia baridi. Tarehe 19 Julai 2022, kijiji cha Coningsby kilifikia nyuzi 40.3, rekodi ya nchi nzima. Tatu, mitihani ya darasa la sita hufanyika mwezi wa Mei, na ukumbi ukichukuliwa, sisi hupelekwa nje kwenye majani. Huko kuna sisimizi, kuna ndege, kuna mpira unaopita, na kuna chavua inayoziba pua. Utamwambiaje mtoto avute pumzi kwa pua wakati pua haipitishi hewa?

Sasa, darasa la namna hiyo linaongozwaje bila kelele? Nitaeleza niliyoyaona.

Mikeka hutandikwa kabla watoto hawajaingia, kwa duara, na nafasi ya kunyoosha mikono bila kumgusa jirani. Hapo nusu ya ugomvi imekwisha kabla haujaanza. Kisha mwalimu haanzi na utulivu. Huanza na kurukaruka, kunguruma kama simba, kupinda mgongo kama paka. Mtoto aliyekaa kwenye kiti tangu asubuhi hawezi kuagizwa kutulia. Ni lazima kwanza atoe kilichomjaa. Baada ya hapo huja mikao ya kusimama kwa mguu mmoja, ambayo humlazimisha kunyamaza mwenyewe, maana anayepiga domo huanguka. Kulala chali huja mwisho, tena kwa dakika chache. Siku za joto kali mirukoruko hupunguzwa, watu hukaa kivulini na maji ya kunywa huwa karibu.

Maneno nayo yana kazi yake. Mwalimu hasemi, “Acha kukimbia!” Husema, “Miguu yote miwili kwenye mkeka.” Agizo la kwanza linamwambia mtoto asifanye nini, la pili linamwonyesha la kufanya. Akitaka kimya hapazi sauti, hugonga kengele ndogo. Na mtoto akianza utundu, mwalimu husogea karibu naye huku akiendelea kufundisha, bila kumtaja jina mbele ya wenzake. Asiyetaka kufumba macho halazimishwi, na hakuna anayesukumwa mgongo ili akunjike zaidi.

Wapo wazazi, Waislamu na Wakristo, wanaouliza kama haya si ibada ya watu wengine. Ni haki yao kuuliza, na mwalimu huwaalika waje kutazama.

Mambo hayo yote, hata hivyo, yana mwisho wake. Mwaka mmoja tulikuwa na mvulana mdogo aliyewashinda wote. Alivuta mikeka ya wenzake, aliwacheka walioanguka, na kufikia Juni baadhi ya watu wazima walisema aondolewe ili wengine wafaidi. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwani watoto kumi na tano wana haki zao. Lakini mwalimu alimwuliza mama yake, ndipo tukajua kwamba familia ilitakiwa kuhama nyumba mwezi wa Julai na hawakujua wanakwenda wapi. Likizo ya wiki sita, ambayo wenzake waliihesabu kwa furaha, kwake ilikuwa kitisho. Hakuondolewa. Alipewa kazi ya kugonga kengele na kukunja mikeka. Hakugeuka malaika, lakini alibaki nasi hadi siku ya mwisho, na wenzake walifanya mazoezi yao.

Hebu tujiulize: angechapwa, viboko vingempa nyumba? Shule za serikali za huku ziliacha kuchapa mwaka 1987, na Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania kanuni bado zinaviruhusu. Najua mwalimu wa kwetu mwenye watoto themanini katika chumba kimoja atanicheka, aniambie nimlete huko huyo mwalimu wangu na kengele yake. Ana haki ya kucheka. Lakini kumsogelea mtoto, kumpa kazi, kumwambia la kufanya, na kumwuliza mama yake kuna nini nyumbani, hayo hayahitaji mikeka wala ukumbi.

Samaki anayekunjwa kwa pupa huvunjika, hata akiwa mbichi. Wahenga walisema tumkunje mapema. Hawakusema tumkunje kwa nguvu.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.